Mnunuzi Asiyechorwa

Katika mji wa Sengerema, si mbali na mpaka wa Mkoa wa Geita, imesimamishwa sanamu ya chuma yenye kimo cha mtu. Baba, ambaye yeye mwenyewe hana ualbino, amembeba mabegani mtoto wake aliye nao. Mama amenyosha mikono kumvika mtoto kofia ya ukingo mpana. Sanamu hiyo ni ukumbusho wa watu wenye ualbino waliouawa, waliokatwa viungo wakabaki hai, na wale ambao hata makaburi yao hayakuachwa bila kufukuliwa. Majina ya wahanga yameandikwa papo hapo. Ni kazi njema. Sanamu za miji ya Tanzania kwa kawaida huwa za askari, za mwenge, au za samaki na wanyama. Hii ni ya mama na kofia, na aliyeibuni alijua jambo ambalo wengi waliolia juu ya msiba huu hawakulijua, ya kuwa jua huwaua watu wenye ualbino wengi kuliko panga. Saratani ya ngozi huwachukua wangali vijana, bila kelele na bila gazeti. Kofia ile si pambo.

Sifa hizo zikiisha kutolewa, liko neno ambalo halina budi kusemwa, nalo huenda likawaudhi watu wema. Sanaa ya picha na sanamu iliyotengenezwa kwa ajili ya haki ya watu hawa, tangu mauaji yalipoanza kuandikwa sana magazetini mwaka 2007 hata leo, imekuwa na nyuso mbili tu: uso wa mhanga na, mara chache, uso wa mganga. Uso wa tatu haumo. Kila mtu aliyewahi kuuza hata fungu la dagaa ajua kwamba hakuna bidhaa isiyo na mnunuzi. Mtoto alikatwa mkono kwa kuwa yuko mtu aliyekuwa tayari kuutolea fedha. Mtu huyo hayuko katika sanamu ya Sengerema, hayuko katika picha za vituo vya watoto, wala hakai katikati ya filamu zilizoshangiliwa ng'ambo. Na maadamu hayumo, sanaa hiyo, kwa uzuri wake wote, imefaa kwa maombolezo kuliko ilivyofaa kwa haki.

Mahakama zenyewe zina upungufu huo huo, na pengine sanaa imeuiga kutoka huko. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Shinyanga na ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza katika mauaji ya namna hii. Machi 2015 Mahakama Kuu ya Mwanza iliwahukumu kifo watu 4 kwa mauaji ya mwanamke yaliyotokea Geita mwaka 2008. Mmoja wa hao 4 alikuwa mume wa marehemu. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulitaja waliouawa zaidi ya 70 tangu 2000. Mtu akizifuata kesi hizo moja baada ya moja ataona kuwa walioingia kizimbani ni watu wa aina ile ile: jirani, mume, ndugu, kijana aliyetumwa na panga, mganga, mtu aliyekutwa na kiungo akitafuta pa kukiuza. Aliyengoja mwisho wa njia, ambaye bila fedha yake hakuna ambaye angaliamka usiku ule, ni nadra kuonekana. Serikali nayo imekamata palipokuwa rahisi kukamata. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga. Januari 2015 wakapigwa marufuku tena. Machi mwaka huo zaidi ya 200 wakatiwa mbaroni. Mganga ana kibanda, ana tunguri, ana kibao barabarani. Mteja wa mganga huja gizani na kuondoka gizani.

Basi sanaa ingalifanya kazi ambayo mahakama haikuweza. Mahakama haina ruhusa ya kumhukumu mtu asiyejulikana jina, mchoraji anayo. Hiyo ni moja katika fadhila kubwa za sanaa, kwamba yaweza kumtia mtu mbele ya macho ya watu kabla hajakamatwa, wala si yeye mmoja, bali tabia yake, tamaa yake, kiti anachokalia na mkono unaohesabu noti. Fadhila hiyo imeachwa ghalani.

Badala yake zikaja picha za watoto. Mauaji yalipozidi, watoto wengi waliondolewa kwao na kupelekwa mahali pa ulinzi. Katika mji wa Shinyanga mahali mashuhuri ni Buhangija, shule iliyokuwa ikipokea watoto wasioona na viziwi, ambayo katika miaka hiyo ilijikuta na mamia ya watoto wenye ualbino, wengine wadogo mno hata hawajui kufunga vifungo. Vituo vya namna hiyo vilipata wageni wengi wenye kamera. Msomaji hana haja ya kuelezwa picha zilizotoka humo. Akifumba macho ataiona mojawapo. Mtoto ameketi mbele ya ukuta wenye giza ili weupe wake uzidi. Macho yamefinywa. Mkono mmoja wa shati ni mtupu. Chini pameandikwa jina la kwanza, umri na wilaya. Yafaa kukumbuka, kwa kuwa waandishi wa sifa za picha hizo hawakulikumbuka, kwamba macho ya mtu mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali. Kufinya kule macho, kulikosomwa huko ng'ambo kuwa ni huzuni, mara nyingine kulikuwa ni maumivu tu ya taa ya mpiga picha.

Na nani alitoa idhini? Mtoto wa miaka 6 hana idhini ya kutoa. Wazazi wako mbali, na katika baadhi ya mambo haya mzazi mwenyewe ndiye aliyehofiwa. Mlezi wa kituo kisicho na magodoro ya kutosha atamkataliaje mgeni aliyekuja na magodoro? Hapana haja ya kumtuhumu mtu ubaya wa moyo. Wapiga picha wengi walikuja kwa huruma ya kweli. Lakini aliyekuwa na miaka 6 mwaka 2010 sasa amepita miaka 20. Anatafuta kazi, anatafuta mchumba, naye hawezi kuirudisha picha ile. Jeraha lake limekwisha kuwa mali ya watu asiowajua, nalo huonekana kila mwaka ifikapo Juni kwenye mabango ya mkutano.

Wako watakaojibu kwamba picha hizo zilileta manufaa. Jibu hilo ni la kweli na lazima lipokelewe. Bila macho ya dunia, pengine Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lisingaliiweka, Desemba 2014, tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya kuelimisha watu juu ya ualbino, wala Ikponwosa Ero asingaliteuliwa mwaka 2015 kuwa mtaalamu huru wa kwanza wa Umoja huo katika jambo hili. Fedha zilikuja, kofia zilikuja, na huko Moshi hospitali ya KCMC imekuwa na mahali pa kutengenezea mafuta ya kukinga ngozi yafaayo kwa jua la nchi hii. Hayo si machache. Tena si kazi zote zilizokuwa za namna moja. Filamu ya Harry Freeland, "In the Shadow of the Sun", iliyotoka 2012 baada ya kupigwa kwa miaka kadhaa, ilimfuata Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino, akienda vijijini kuwauliza watu uso kwa uso wanamwona yeye kuwa nini. Humo mtu mwenye ualbino si kitu cha kutazamwa. Yeye ndiye anayetazama, na wanaojikuna vichwa ni wenzake. Filamu nyingine, "White Shadow" ya Noaz Deshe, ilipata tuzo Venice mwaka 2013. Nguvu yake haina ubishi. Ila katika nchi ambayo majumba ya sinema hayapatikani nje ya miji mikubwa, filamu hiyo iliyosemwa Kiswahili ilitazamwa zaidi na watu waliolazimika kusoma tafsiri chini ya picha.

Ubishi basi hauko juu ya manufaa. Uko juu ya mahali ambapo picha imeelekeza uso wake. Picha iliyoelekezwa kwa mfadhili itamwonyesha kile ambacho mfadhili anaweza kukisaidia: mtoto. Picha iliyoelekezwa kwa Katoro au Kahama ingalilazimika kuonyesha kile ambacho mtu wa Katoro au Kahama anakijua na anakinyamazia.

Kuna dhara jingine la uelekezaji huu, baya kuliko la kwanza. Mwaka 2009 taarifa ya Shirikisho la Msalaba Mwekundu ilieleza, kwa habari iliyopatikana kwa polisi, kwamba viungo vyote vya mtu mmoja mwenye ualbino vyaweza kuuzwa kwa dola 75,000 za Marekani. Tangu siku hiyo hesabu hiyo imeandikwa chini ya picha, imetajwa katika filamu, imesomwa redioni, imerudiwa katika hotuba, hata imekuwa kama sehemu ya jina la watu wenyewe. Nia ilikuwa kuishtua dunia. Dunia ilishtuka, ni kweli. Lakini nani mwingine alisikia? Mhanga hakupata faida ya kuijua bei yake. Mnunuzi alikuwa akiijua bei yake halisi, iwe hiyo au nyingine. Aliyefundishwa jambo jipya ni kijana maskini wa kijijini mwenye jirani aliyejaliwa mtoto mwenye ualbino. Yeye aliambiwa, kwa sauti ya wenye mamlaka na wenye huruma, kwamba ng'ambo ya ua wa mnyaa kuna utajiri ambao hatauona kwa miaka 100 ya kulima pamba. Kutangaza bei bila kumtangaza mnunuzi ni kupiga mnada.

Lugha imeweka ushahidi wa jambo hili. Tusi la zamani lilikuwa "zeruzeru". Lilikuwa tusi baya, nalo lilimtoa mtu katika ubinadamu kwa kumfanya kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu mzimu. Katika miaka ya mauaji likazuka tusi jipya mitaani: "dili". Vijana walimpigia mtu kelele hiyo akipita. Neno la kwanza lilimwogopa. La pili linamhesabu. Wanafunzi wa sarufi na watazame upatanisho wake: asemaye "dili linapita" amemnyang'anya mtu kiambishi cha a- apewacho kila kiumbe mwenye roho, hata kuku na mende, akampa li- ya debe na gunia. Hakuna mchoro uliowahi kueleza mauaji haya kwa ukamilifu kama silabi ile moja inavyoyaeleza, na silabi ile ilitungwa na umma bila mfadhili.

Sasa yafaa kuuliza mnunuzi huyo atachorwaje, maana hapa hatari ni kubwa. Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington, katika utafiti wao uliochapishwa 2010, waliyahusisha mauaji haya na uchimbaji mdogo wa dhahabu na waganga wauzao bahati kwa wachimbaji. Wasomaji wepesi walichukua nusu ya maneno yao wakasema: wauaji ni wachimbaji. Huo ni uzushi. Mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa, aliye mmoja katika maelfu, hajamwua mtu wala hatamwua. Mwenyewe anauawa polepole kwa vumbi na kwa moshi wa zebaki. Kinachostahili kuchorwa ni hali inayoifanya bahati iwe bidhaa. Mchimbaji mdogo hana chombo cha kupimia mwamba. Hushuka duarani kwa kamba, huchimba miezi akila kwa mkopo, mifuko ya mawe hugawanywa kati yake na mwenye duara, mwenye eneo na mwenye karasha. Siku mkanda wa dhahabu ukipotea, hakuna awezaye kumwambia umepotelea wapi. Ng'ambo ya uzio mgodi mkubwa, Geita tangu 2000, Bulyanhulu tangu 2001, Buzwagi tangu 2009 hata ulipoacha kuchimba 2021, una wajiolojia, mitambo ya kutoboa na maabara. Mwamba ni ule ule. Upande mmoja hutafutwa kwa elimu, upande wa pili kwa ndoto. Waganga walifungua duka lao upande wa pili, na mwenye fedha za kulipa humo si yule anayeshika kamba. Kadhalika wakati wa uchaguzi, kama ule wa 2015, hofu ilipopanda tena, minong'ono haikuwahusu wachimbaji bali watu wanaotafuta vyeo.

Tena Usukuma ni nchi ambayo sura imekwisha kuua. Kwa miongo mingi vikongwe wameuawa Shinyanga na mikoa jirani kwa kuwa macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe uliowapata jikoni maisha yao yote. Watu walitazama uso, wakausoma vibaya, wakachukua panga. Msanii atakayemchora mnunuzi kwa kumpa pua ya kabila fulani, au kovu, au vazi la kazi fulani, atakuwa anaongeza mauti juu ya mauti. Kwa hiyo aliye na haya atasema: heri asichorwe kabisa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaanguka kwa sababu moja. Mnunuzi hatambulikani kwa uso; hutambulikana kwa tendo. Anatoa fedha nyingi, kwa siri, kwa kitu kisicho na jina. Tendo laweza kuchorwa.

Na nchi yenyewe ina mafunzo yake katika jambo hili, ambayo wasanii wa mijini na walimu wao wameyapita kama mawe ya barabarani. Mwaka 1953 ilitoka London kazi ya Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeitumikia serikali ya Tanganyika katika uchunguzi wa mila, juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka. Hao ndio Bayeye, chama chenye miiko na daraja zake, ambacho wanachama wake walijua kukamata nyoka na kutibu waliogongwa. Ndani ya nyumba zao za jando la chama walichora ukutani nyoka, watu na viumbe wa hadithi zao, na kila mchoro ulikuwa na jina na mafundisho yake. Mwanafunzi aliingizwa akaambiwa atazame. Mchoro ule haukuwa wa mgeni, wala haukuwa wa kuuzwa. Uliwekwa mbele ya mtu ambaye sheria yake ingemfunga. Vivyo hivyo vinyago vya mbao vya mashindano ya ngoma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, vingine vikiwa na mikono ya kuchezeshwa: vilitengenezwa ili kuvuta watu watoke upande wa mpinzani, na umati wenyewe ndio uliokuwa hakimu, kwa maana uliposimama ndipo palipokuwa na ushindi. Vitu vya namna hii huhifadhiwa katika makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement. Wanafunzi hupelekwa kuvitazama, huandika "sanaa ya jadi" katika madaftari, hurudi.

Lawama kwa wasomi wa Kiswahili haziwezi kuzuiliwa hapa. Katika tahakiki za ushairi neno "taswira" hupewa kurasa nyingi. Mtaalamu ataeleza taswira ya mwezi, taswira ya jahazi, taswira ya ua lililonyauka. Ikitajwa picha iliyoko ukutani, husema hilo ni la idara nyingine. Lugha yenyewe haikuwagawanya hivyo. Katika Kiswahili cha zamani neno "sanamu" lilitosha kwa kilichochongwa na kilichochorwa pia, na aliyelitumia alijua kwamba vyote viwili ni mfano wa kitu, na kila mfano huuliza: umefanana na nani? Miaka inapita, tasnifu zinaandikwa juu ya dhamira ya haki katika riwaya, na sanamu ya Sengerema, ambayo mwenye mkokoteni huiona bila kununua kitabu, haipati mhakiki wa kuiambia imefika wapi na imeishia wapi.

Wachora katuni ndio peke yao waliokwisha kuonyesha kwamba mwenye fedha za siri anaweza kupewa mwili. Kipanya wa Masoud Kipanya amewatazama wakubwa kutoka chini kwa miaka mingi, na msomaji wa gazeti asiye na muda wa tahariri hajawahi kukosa kumwelewa. Godfrey Mwampembwa, Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefanya kazi yake kubwa Nairobi, aliwachora marais wa Afrika Mashariki kwa namna ambayo wenyewe walijitambua. Gharama yake pia imeonekana. Januari 2015 katuni yake iliyomhusu Rais Jakaya Kikwete ilitoka katika "The EastAfrican". Mwezi huo huo gazeti hilo lilizuiwa Tanzania, sababu iliyotolewa ikiwa ni kutosajiliwa. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado na waajiri wake haukuendelezwa. Basi asiseme mtu kwamba mnunuzi hachorwi kwa sababu ya ugumu wa sanaa. Kumchora mtoto aliyekatwa mkono huleta tuzo. Kumchora mwenye fedha huleta barua ya mwajiri.

Mwaka 2024 mtoto wa miaka 2 na miezi alinyakuliwa nyumbani kwao Muleba, Mkoa wa Kagera, na mwili wake ukapatikana baadaye ukiwa umekatwa viungo. Picha yake akiwa hai, amevaa vizuri, ilifika katika kila simu ya nchi kwa siku chache. Wengi waliisambaza kwa machozi, na machozi yao si ya kuchezewa. Lakini ilikuwa ni picha ile ile ya miaka yote: mtoto, jina, wilaya.

Iko mahali pa kuanzia. Machi 2019 soko la kwanza la madini lilifunguliwa Geita, yakafuata mengine katika mikoa mingine. Humo dhahabu hupimwa mbele ya watu, bei husomwa, muuzaji huandikwa na mnunuzi huandikwa. Serikali ilipotaka kodi yake, ilitambua mara moja kwamba biashara haidhibitiwi kwa kumkagua muuzaji peke yake. Ukuta wa soko kama hilo, na kuta za maduka, karasha na vilabu vya Katoro, Nyarugusu na Kahama, ndizo nyumba za Bayeye za leo: hutazamwa na watu ambao sheria yao inawahusu. Hapo achorwe mnunuzi kwa tendo lake. Mizani upande mmoja ina chembe ya dhahabu, na karani anaandika. Upande wa pili ina kitu kilichofunikwa kwa kitambaa, na daftari liko tupu. Mkono unaolipa una pete na saa. Uso uachwe bila kuchorwa, uwe kioo kilichobandikwa ukutani, ili kila apitaye akitafuta chenji mfukoni ajione ndani yake kwa dakika moja, apende asipende. Mchoraji awe wa hapo hapo, na miongoni mwa washauri wake wawe wale waliokua Buhangija, ambao sasa ni watu wazima wenye maneno yao wenyewe na ambao hawatahitaji kuvua shati.

Itasemwa kwamba mchoro wa namna hiyo hautadumu wiki. Mtu atakuja usiku na ndoo ya chokaa. Huenda. Lakini chokaa hununuliwa dukani, na mji mdogo hujua nani alinunua chokaa.